Kutoka Chooni Hadi Bomba Kuu: Nani Achimbe Mtaro?

Leo tuuzungumzie mtaro. Mfereji wa Nakivubo tutaufikia baadaye, maana hakuna mazungumzo ya majitaka ya Kampala yanayoweza kuukwepa, lakini mtaro ninaoanza nao ni mdogo, hauna jina, na hakuna waziri aliyewahi kuukatia utepe. Ni ule unaobeba bomba la inchi nne kutoka kwenye choo cha nyumba moja hadi kwenye chemba ya bomba kuu la majitaka barabarani. Pengine ni mita kumi, pengine arobaini. Kwa desturi yetu mtaro huo ni shauri la mwenye nyumba. Yeye ndiye anayetafuta fundi, yeye ndiye anayenunua bomba, na likipasuka yeye ndiye anayebaki na harufu. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba desturi hiyo inaligharimu jiji zima. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, lingeuchukua mtaro huo ukawa wake: liuchimbe, liutunze, na lijirudishie gharama kidogo kidogo katika bili ya maji.

Tuanze na kile ambacho kimekwisha kujengwa. Pale Bugolobi, ukingoni mwa kinamasi cha Nakivubo, upo mtambo uliobuniwa kusafisha meta za ujazo 45,000 za majitaka kila siku, yaani lita milioni 45. Ulichukua nafasi ya mtambo wa enzi za ukoloni uliokuwa umechoka, na umetengenezwa kuvuna gesi kutoka kwenye tope na kuigeuza umeme. Fedha zake zilitoka serikalini, Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki ya KfW ya Ujerumani. Upande wa pili wa jiji, Lubigi, kwenye barabara ya kwenda Hoima, mtambo mwingine ulianza kazi mwaka 2014, nao ulijengwa kupokea meta za ujazo 5,000 za majitaka ya bomba kila siku, pamoja na meta za ujazo 400 za tope la vyoo linaloletwa na magari ya kunyonya. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, sensa ya 2024 ilihesabu wakazi wa Kampala takribani milioni 1.8, bila kuwataja wanaolala Wakiso na Mukono na kushinda mjini, na katika wakazi hao wenye choo kilichounganishwa na bomba kuu hawafiki mmoja kati ya kumi. Waliobaki wanategemea choo cha shimo, au karo, lile tangi la chini ya ardhi ambalo wengi Kampala huliita septiki. Kujenga mtambo wa ukubwa ule bila kuwaza mtaro wa kila nyumba ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa na kusahau ndoo. Na deni la mtambo halingoji: litalipwa vilevile, choo cha jirani yako kiwe kimeunganishwa au hakijaunganishwa.

Wapo watakaosema kwamba karo halina ubaya wowote, na kwamba nusu ya dunia inaishi nalo. Karo lililojengwa sawasawa ni kifaa chenye akili. Uchafu mzito huzama, mafuta na povu huelea, na maji ya katikati hutoka taratibu kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambako udongo humalizia kazi. Lakini akili yake inategemea mambo matatu: uwanja wa kutosha kati ya shimo na nyumba za watu, udongo unaonyonya, na mwenyewe anayeita gari la kunyonya kila baada ya miaka michache. Kampala yote matatu ni adimu. Viwanja vimegawanywa na kugawanywa tena mpaka shimo la mmoja linapakana na ukuta wa chumba cha mwenzake. Mabondeni maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa dunia, hivi kwamba msimu wa mvua shimo hujazwa kutoka chini kabla mtu hajalitumia. Na kuhusu gari la kunyonya, watu wengi huliita pale tu choo kinapokataa kushusha. Karo lililojaa tope halisafishi tena chochote. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Isitoshe, mengi yanayoitwa makaro si makaro. Ni mashimo yaliyojengewa matofali na kuwekewa bomba la kumwagia kwenye mfereji wa barabarani, na wako wanaoingoja mvua kubwa ili wafungue vyoo vyao viende na maji. Karo la namna hiyo kazi yake ni kuficha uchafu, kuusafisha haliwezi.

Umbo la jiji linazidisha tatizo. Kampala ni vilima na mabonde. Maji ya mvua hunywewa na udongo mwekundu wa miteremko, hutembea chini kwa chini, kisha hutokeza kwenye chemchemi chini ya kilima. Chemchemi hizo ndizo wanakojaza jerikeni watu wa Bwaise, Kalerwe na Namuwongo siku ambazo fedha ya kulipia maji ya bomba haipo. Watafiti waliopima maji hayo wamekuta vijidudu vya kinyesi mara kwa mara, hata kwenye chemchemi zilizojengewa vizuri na kuwekewa bomba la kutolea. Saruji ya mdomoni haiwezi kuyasafisha maji yaliyokwisha kuchafuka huko juu. Mwaka 2015 homa ya matumbo ililipuka mjini. Kati ya Januari na Juni walihesabiwa watu 10,230 walioshukiwa kuugua, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye maji machafu na vinywaji vilivyouzwa barabarani. Haki itendeke hapa: hakuna aliyethibitisha kwamba karo la nyumba fulani ndilo lililoanzisha janga hilo, na mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba katika jiji hili umbali kati ya maji yanayotoka chooni na maji yanayoingia kinywani ni mfupi mno, na watu wanaokaa mwisho wa mteremko si wale waliojenga makaro kileleni.

Sasa tuufikie Nakivubo. Mfereji ule hukusanya maji ya katikati ya jiji na kila kilichotumbukia humo, ukapita kwenye kinamasi cha mafunjo, ukamwaga katika Ghuba ya Murchison ya Ndani, ziwani Viktoria. Kilomita chache tu kutoka hapo ndiko Ggaba, ambako jiji limekuwa likiteka maji yake ya kunywa tangu enzi za ukoloni. Kwa miaka mingi mafunjo ndiyo yaliyofanya kazi ambayo hatukuwa tumejenga mtambo wa kuifanya. Mwaka 1999 mwanauchumi Lucy Emerton na wenzake waliipigia hesabu kazi hiyo ya bure ya kuchuja majitaka, wakaona thamani yake ni kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Tukafanya nini na zawadi hiyo? Tukaikata na kupanda magimbi na miwa, tukaijaza udongo na kujenga. Maji ya ghuba yakazidi kuwa ya kijani, na kuyasafisha pale Ggaba kukazidi kutaka dawa na jasho. Ulipofika wakati wa kujenga chanzo kipya, mtambo wa lita milioni 160 kwa siku ulikwenda kujengwa Katosi, huko Mukono, mbali na ghuba hiyo, na mabomba yakavutwa makumi ya kilomita kurudi mjini. Jiji lilikuwa linakua na lilihitaji maji zaidi kwa vyovyote, hilo nakubali. Lakini kuyafuata maji mbali namna hiyo ni gharama, na gharama hiyo hugawanywa kwa kila mwenye mita ya maji, akiwemo yule ambaye hajawahi kumiliki karo maishani mwake.

Kama bomba kuu linapita mbele ya lango, kwa nini basi mtu asijiunge? Watu wa ofisini hupenda kujibu kwamba wananchi hawana uelewa. Jibu hilo limezoeleka, nami silikubali. Tazameni kazi yenyewe inavyokuwa. Nyumba imejengwa miaka ishirini iliyopita na vyoo vyake vyote vinaelekea nyuma, kwenye karo. Bomba kuu liko mbele. Fundi bomba lazima atafute njia ya kuzunguka nyumba, pengine avunje sakafu ya ua, pengine sakafu ya jikoni. Bomba la inchi nne linataka kushuka sentimita moja kwa kila sentimita arobaini hivi. Likilala sana uchafu hukaa, na mteremko ukikosewa ufundi wote umekwenda bure. Kila kona inataka chemba, ili siku ya kuziba mtu apate pa kupitishia fimbo. Kisha karo la zamani haliachwi hivihivi. Linyonywe likauke, litobolewe chini ili lisituamishe maji, lijazwe mchanga au kifusi cha murram, la sivyo siku moja mfuniko utaoza na mtoto atatumbukia. Na nyumba iliyo chini ya usawa wa bomba kuu haina mteremko wa kulifikia. Hiyo itahitaji pampu na umeme, au njia ya kupita chini kwa jirani. Haya yote hulipwa kwa mkupuo, fedha taslimu, kabla ya tone moja kuingia kwenye bomba.

Neno hilo, jirani, lina uzito kuliko bomba. Mabomba makuu ya Kampala hupita mabondeni, kwa sababu majitaka hufuata mteremko. Mwenye nyumba aliye katikati ya kilima, ambaye hana barabara yenye bomba, anaweza kuona chemba mita thelathini chini yake, lakini mita hizo ni uwanja wa mtu mwingine. Uwanja huo huenda ni wa mailo, umiliki ulioletwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, na juu yake amekaa mwenye kibanja ambaye naye ana haki zake. Uombe ruhusa kwa nani? Kwa mwenye mailo aliyeko ng'ambo, au kwa mwenye kibanja anayeogopa kwamba mtaro wako ndio mwanzo wa kumwondoa? Mtu binafsi hana nguvu ya kulimaliza jambo hilo. Shirika la umma likiwa na sheria mkononi na utaratibu wa fidia, linaweza. Kwangu mimi sababu hii peke yake ingetosha kuutoa mtaro mikononi mwa mwenye nyumba.

Juu ya hayo ipo bili. Kwa utaratibu wa NWSC, aliyeunganishwa hulipa ada ya majitaka ambayo ni asilimia 75 ya malipo yake ya maji kwa nyumba ya kuishi, na asilimia 100 kwa biashara. Ada yenyewe ina mantiki, kwani wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu, na kuyasafisha si bure. Lakini tazameni inachomwambia mwenye karo. Kaa kimya, uchafu wako uende chemchemini kwa jirani wa bondeni, hutalipa hata senti. Jiunge, uwe raia mwema, na kila mwisho wa mwezi bili yako itaongezeka kwa robo tatu. Mtu anayekataa ofa ya namna hiyo amepiga hesabu yake vizuri. Kosa liko kwa aliyepanga bei.

Na hao waliokwisha kuunganishwa, je, wamepumzika? Mabomba ya nyumbani yanapozeeka huvunjika mahali palepale ambapo hakuna anayewajibika. Bomba la udongo la zamani lina maungio mengi, na mizizi ya mti hupenya kwenye maungio kutafuta maji. Bomba jipya la plastiki lililozikwa juujuu hupasuka chini ya gurudumu la gari. Mtu anapamba ua wake kwa matofali ya kupendeza na kuifunika chemba. Ikiziba, fundi anaanza kubahatisha mahali pa kuvunja. Mwingine anaunganisha mifereji ya paa lake kwenye bomba la choo kwa sababu lilikuwa karibu, na mvua ya alasiri moja inajaza bomba kuu lililobuniwa kubeba majitaka tu, chemba za mtaa wa chini zikaanza kububujika barabarani. Mifuniko ya chuma nayo huibwa ikauzwa vyuma chakavu, na shimo lililobaki wazi hupokea takataka zote za barabara. Mtu akipiga simu kulalamika, swali la kwanza ni: imezibia ndani ya uwanja au nje? Swali hilo lina maana kwa mwanasheria. Kinyesi kinachotiririka hakijui beacon ya kiwanja ilipo. Ufa ulio ndani ya lango huvujisha kwenye ardhi ileile, na paa lililounganishwa ndani ya lango hufurikisha barabara ileile.

Mpaka huu unaweza kusogezwa, na mahali pengine umesogezwa. Uingereza, katika England na Wales, tarehe 1 Oktoba 2011 mabomba ya majitaka yaliyokuwa yakihudumia nyumba zaidi ya moja, hata yakipita ndani ya viwanja vya watu, pamoja na vipande vilivyotoka nje ya mpaka wa kiwanja, yalihamishwa kisheria kutoka kwa wenye nyumba hadi kwa kampuni za maji. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: wenye nyumba wengi hawakujua kwamba mabomba hayo ni yao mpaka yalipopasuka. Hawakufika mbali kama ninavyopendekeza mimi, kwani bomba la nyumba moja ndani ya uwanja wake lilibaki la mwenyewe, ila wao walikuwa tayari na nyumba karibu zote zimeunganishwa. Brazili ilianza upande mwingine. Tangu miaka ya 1980, kuanzia mji wa Natal, wahandisi wake waliacha kumtazama mwenye nyumba mmoja mmoja, wakautazama mtaa. Bomba jembamba, la kina kifupi, hupita nyuma ya nyumba zote za kundi moja, na kundi zima hujiunga na bomba kuu mahali pamoja. Miaka ya 1990 Brasília ilitandaza mfumo huo katika mitaa ya maskini na ya matajiri bila kubagua. Ni rahisi kuliko bomba la kawaida kwa sababu mitaro ni mifupi na haihitaji kuchimbwa kwa kina cha kuhimili malori.

Mfano wa tatu una onyo ndani yake. Katika kitongoji cha Orangi, Karachi, Akhtar Hameed Khan alianzisha mwaka 1980 mradi ambao wakazi wa kila kichochoro walichanga fedha zao na kujitandazia mabomba, na makumi ya maelfu ya nyumba zikapata vyoo vya maji bila kungoja serikali. Ilikuwa kazi kubwa ya watu wa kawaida. Lakini mabomba yale mengi yaliishia kwenye mito na mifereji ya asili, kwa sababu mtambo wa kusafisha na mabomba makuu ilikuwa kazi ya serikali, na serikali ilichelewa. Karachi walikuwa na mitaro bila mtambo. Kampala tuna mtambo bila mitaro. Aliye na mtambo yuko mahali pazuri zaidi, maana lililobaki ni dogo kwa fedha ingawa ni kubwa kwa usumbufu.

Sasa niwasikie wanaopinga. Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la haki: kwa nini fedha ya umma imchimbie mtaro mwenye jumba la kifahari kilimani, wakati mama wa mtaa wa mabanda wa Katanga anapanga foleni kwenye choo cha kulipia? Nalichukulia kwa uzito. Jibu langu la kwanza ni kwamba sipendekezi zawadi. NWSC ichimbe, iandike deni, na deni lilipwe na kiwanja hicho kwa miaka kumi kwenye bili. Mwenye jumba atalilipa lote. Mwenye vyumba vitatu vya kupangisha atalipa kwa unafuu uliowekwa wazi. La pili ni kwamba faida ya karo la kilimani kufungwa haiendi kilimani, inaenda bondeni kwenye chemchemi. Na la tatu, ambalo halisemwi sana: magari ya kunyonya ya Kampala, ambayo mengi ni ya watu binafsi, yanakwenda mahali penye barabara pana na mteja mwenye fedha. Kila karo linalotoka kwenye orodha yao ya wateja wa kilimani linaliacha gari limtafute mteja mwingine, na Lubigi inabakiwa na nafasi ya kupokea tope kutoka mabondeni. Kule vichochoroni gari halifiki, na kazi hufanywa na vijana wenye pampu za mkono zinazoitwa Gulper, ambao wanahitaji mahali pa karibu pa kupeleka mapipa yao. Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, kwa kampeni yake ya Weyonje imejitahidi kuwafanya watu waite wanyonyaji wenye leseni. Kazi hiyo iendelee; bomba halitafika Bwaise yote, na asiyesema hivyo waziwazi anawadanganya watu.

Pingamizi la pili ni la bili, na hapa napendekeza jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu. Bomba kuu likishapita mbele ya kiwanja, na NWSC ikishajitolea kukuchimbia mtaro kwa mkopo, ada ya majitaka ianze kuhesabiwa baada ya mwaka mmoja, umeunganishwa au hujaunganishwa. Asiyetaka kujiunga ni hiari yake, lakini asichafue bure. Ada ikikusanywa kwa wote wenye bomba karibu, inaweza pia kushushwa kutoka hiyo asilimia 75, kwa sababu mzigo utakuwa umegawanywa kwa mabega mengi. Wenye nyumba za kupangisha watasema watampandishia mpangaji kodi. Watajaribu. Ndiyo maana ada hii iandikwe kwenye kiwanja na jina la mwenye kiwanja, isiandikwe kwenye mita ya mpangaji wa muzigo, yaani chumba kimoja, na nyumba zenye choo kimoja kwa familia nyingi zitozwe kiwango cha chini kabisa. Mpangaji hawezi kuvunja sakafu ya nyumba isiyo yake ili apitishe bomba. Kumtoza ada ya uamuzi wa mwingine ni dhuluma.

Wengine wanauliza kuhusu mgao wa maji: choo cha bomba kitasukumwa na nini siku mabomba yakikauka? Ni kweli bomba la majitaka lisilopata maji huziba. Lakini choo cha maji kinachoingia kwenye karo kinataka maji yaleyale. Aliye na karo ameshalijibu swali hilo kwa tangi lake la akiba.

Limebaki pingamizi la wale waliokata tamaa: shirika lenyewe linashindwa kuzibua chemba zake za barabarani, tuliongezee na za uani? Siwezi kuwaambia wasikilizaji kwamba hofu hiyo haina msingi. Pua zao zinajua. Hata hivyo tufikirie. Leo shirika linaweza kujitetea kwamba tatizo limeanzia ndani ya lango la mtu, na mtu anaweza kujitetea kwamba tatizo liko barabarani, na wote wawili wakaendelea kulala. Mwenye bomba akiwa mmoja, utetezi huo unakwisha. Fundi wa NWSC akipewa haki ya kuingia uani kwa taarifa, ataweza pia kuikata mifereji ya paa iliyounganishwa kinyemela, jambo ambalo leo hana mlango wa kulifanyia. Tuanze padogo: mitaa michache ya Bugolobi na ya bonde la Lubigi ambako bomba kuu limeshalala ardhini, kila chemba ichorwe kwenye ramani, kila karo lililofungwa liandikwe, na baada ya miaka mitatu hesabu ya gharama na ya kuziba kwa mabomba itangazwe hadharani. Ikishindikana tutaona imeshindikana wapi.

Wizara ya Maji na Mazingira haihitaji mkopo mwingine wa mamilioni ya dola ili kuanza hilo. Inahitaji kanuni inayosema kwamba bomba la majitaka, kuanzia linapotoka kwenye ukuta wa nyumba, ni sehemu ya mtandao wa taifa, na bei inayomfanya mchafuzi alipe angalau kama anavyolipa asiyechafua. Wabunge wa Kampala wanaweza kuidai kanuni hiyo katika kikao kijacho cha bajeti.

Na wewe msikilizaji unayekaribia kujenga, au ambaye karo lako limejaa kwa mara ya tatu mwaka huu: kabla hujamlipa mtu akuchimbie karo jipya, nenda ofisi ya NWSC ya eneo lako, uliza chemba ya karibu iko wapi na ina kina gani, na upate jibu kwa maandishi. Kama iko chini ya usawa wa choo chako, usichimbe karo.